Mama Sahani na Likizo Ndefu ya Babu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Sahani atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa chumba cha vijidudu, na kutoka. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika maabara hii, yote katika chumba hicho hicho na jiko lake, na kwa sehemu kubwa kwenye stuli ile ile iliyofungwa mguu kwa waya. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake, tena uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kuchangamsha nitajitahidi. Kuhusu ufupi, yeyote anayemjua Mama Sahani ataniwia radhi.

Mimi ni jirani yake. Kati ya chumba chake na chumba chetu cha kinga kuna ukuta mmoja na friji moja, na friji hiyo tumeigombea tangu siku niliyoripoti kazini. Sisi wa kinga tunachunguza jinsi mwili unavyopigana na maradhi: tunapima damu na kuangalia askari wa mwili wamejipangaje. Yeye anashughulika na maadui wenyewe. Anawaotesha, anawalisha, anawajua kwa sura na tabia, kisha anawajaribu kwa dawa moja moja aone ipi inawaua na ipi wameshaizoea. Amenitania miaka nenda miaka rudi kwamba sisi wa kinga ni mashabiki tu, wachezaji wako chumbani kwake.

Jina lake hakuliomba. Alipoajiriwa alipelekwa jikoni. Ndiyo, maabara yetu ina jiko: kichumba chenye sufuria kubwa na mtambo wa mvuke, ambako hupikwa chakula cha vijidudu. Maana vijidudu navyo vinakula, tena vinachagua. Vipo vinavyotaka supu ya nyama, vipo vinavyotaka damu, na vipo vinavyosusa kila kitu. Supu hiyo huchanganywa na agari, unga wa mwani unaoifanya igande, kisha humiminwa ingali ya moto kwenye sahani ndogo za mviringo zenye mfuniko, kila moja ya kuenea kiganjani. Wiki yake ya kwanza, mhasibu wetu wa enzi hizo alifuata harufu kutoka ghorofani hadi mlangoni pake, na kijiko chake mkononi kabisa, akauliza bakuli ni bei gani. Mama Sahani alimjibu kwamba chakula ni bure, ila wanaokula hapa hawarudi nyumbani, jioni huchomwa wote kwa mvuke. Mhasibu aliondoka bila kuaga, na jina la Mama Sahani likabaki.

Kutoka jikoni alipanda. Akiwa na watoto wawili wadogo alirudi darasani akachukua stashahada, halafu shahada, na kila likizo alikuwa huku kwetu ameshika mwiko wake. Baadaye akawa mkuu wa chumba kizima cha vijidudu. Vyeo havikumtoa kwenye sufuria. Hata mwaka huu, ukipita asubuhi mapema, utamkuta anamimina sahani mwenyewe, miwani imemshuka puani, anazungumza peke yake au na wale anaowapikia, hatujajua bado.

Ana mambo yake. Hubisha hodi kabla ya kufungua kabati la joto, lile ambamo sahani hulala usiku vijidudu vikiota. Mgeni mmoja alimuuliza anambishia nani hodi, akaambiwa kwamba humo ndani wamo wengi na kuna wenye familia. Hapendi mtu aseme vijidudu ni vichafu. Vichafu, anasema, ni mikono yetu sisi. Vyenyewe vinatafuta riziki tu. Lakini usimwone anacheka navyo hivyo ukadhani ana huruma navyo. Siku ya kuvitafutia dawa huwa amekunja uso na hataki hata salamu.

Na hakuwa na simile kwa wakubwa. Mkurugenzi mmoja aliyepita aliwahi kuingia chumbani humo na wageni, akapokea simu katikati ya benchi, wakati mlangoni pana picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu, kubwa kama mlango wenyewe. Mama Sahani alisubiri amalize. Kisha akamwomba hiyo simu kwa adabu zote, akaigusisha juu ya sahani mpya, akaipangusa kwa dawa, akamrudishia na asante. Baada ya siku mbili sahani ile, imezibwa vizuri kwa utepe, ilikuwa kwenye ubao wa matangazo. Haikuwa na jina, iliandikwa tu kuwa ni simu ya mtu fulani. Ilikuwa na madoa ya manjano, meupe, na moja la waridi lililotutia wasiwasi sote. Mkurugenzi alikuwa akisimama mbele ya ubao ule mikono nyuma, anaitazama, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Tangu hapo simu zetu huachwa nje kwenye kikapu, na kikapu hicho kipo hadi leo.

Lakini ukitaka kumwandika Mama Sahani bila kumwandika Babu, bora uache. Na Babu si mtu. Ni dawa.

Ni kapsuli ya rangi mbili, ya siku nyingi, ya bei ya chini, ambayo wauguzi waliipa jina hilo kwa sababu ilikuwa wodini kabla hata ya mkubwa wao kuzaliwa. Enzi zake ilitibu homa ya matumbo kama mchezo. Mtoto alikuwa anaingia amebebwa, anatoka anakimbizana na ndugu zake koridoni. Basi kila mtu akaipenda, na kila mtu akaitumia: kwa homa, kwa mafua, kwa kichwa, kwa wasiwasi. Wengine walimeza mbili wakajisikia nafuu, wakaweka zilizobaki kabatini. Vijidudu vikaizoea. Wanaopona nusu nusu ndio waliovipa mazoezi. Ilifika mahali Babu anaingia uwanjani na vijidudu havigeuki hata kumtazama.

Hayo Mama Sahani aliyaona kwenye sahani zake. Kipimo chenyewe hakina makuu. Unapaka vijidudu vya mgonjwa juu ya sahani, unaweka kikaratasi kidogo kilicholoweshwa dawa, unafunika, unaacha hadi kesho. Kama dawa inafanya kazi, kesho utakuta duara safi kuzunguka kile kikaratasi, mahali ambapo hapakuota kitu. Kama dawa haifanyi kazi, utakuta vijidudu vimeota hadi ukingoni mwa karatasi. Kikaratasi cha Babu kilikuwa kimezingirwa pande zote kila siku ya Mungu. Zilibaki dawa mbili nyingine. Moja ilikuwa ya sindano, ghali, na ilishaanza kulegea. Nyingine ilikuwa ile tunayoiita dawa ya akiba, na nyuma yake hapakuwa na kitu tena, ni ukuta.

Ndipo Mama Sahani alipopeleka hoja yake kwenye kamati ya dawa ya hospitali, kwenye kile chumba cha mikutano ambacho feni yake hupiga kelele kuliko wajumbe. Hoja ilikuwa moja: Babu apewe likizo. Asitumiwe kwa homa ya matumbo wala kwa ugonjwa mwingine wowote, kwa miaka mingi, tuone kama vijidudu vitamsahau. Aliwaeleza kwamba usugu ni mzigo kwa kijidudu. Ni kama mtu anayetembea na mwavuli mwaka mzima wala mvua hainyeshi. Mwishowe atauacha nyumbani. Wasiobeba mwavuli wataenda mbio zaidi, watazaana zaidi, na siku moja watakuwa ndio wengi.

Mfamasia mkuu aliruka juu. Rafu zake zilikuwa zimejaa Babu, na watu walikuwa wakimtaja dirishani kwa jina. Aliyepinga kwa sauti zaidi alikuwa daktari wa watoto, yule mwanamke mdogo wa umbo anayepanda ngazi mbili mbili na ambaye sauti yake hufika wodini kabla yake. Alisema watoto wake si bustani ya kufanyia majaribio. Mama Sahani, ambaye kwa kawaida ana maneno mengi, siku hiyo alikuwa na machache. Alisema kwa sasa watoto wanapewa dawa isiyowatibu, wanangoja wapone, hawaponi, na wakati huo vijidudu vinafanya mazoezi juu ya migongo yao. Daktari akauliza ni nani atakayekuja kumwambia yeye kama Babu amerudi, na ni nani atakayekuja kumwambia kama hajarudi. Mama Sahani akajibu kwamba ni yeye, kwa miguu yake, kwa ngazi hizo hizo. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba hatoki kwenye maabara hii mpaka Babu amerudi kazini.

Kauli hiyo imemgharimu, nasi tuliokaa naye tumeiona. Babu akatoka wodini, na Mama Sahani akawa mlezi wake. Kikaratasi cha Babu kiliendelea kuwekwa kwenye kila sahani, kama kiti cha mtu aliye safarini. Kila asubuhi aliangalia hicho kwanza. Mumewe, fundi seremala anayejulikana mtaa mzima kwa milango na kwa maskhara, alikuwa akiwaambia majirani kwamba mke wake ana mzee mwingine anayemuuguza huko mjini na kwamba yeye amekubali tu. Binti yao aliolewa mbali, safari ya siku mbili, akapata watoto. Fundi alitaka waende wote wawili wakakae huko kwa muda, wawajue wajukuu na wajukuu wawajue. Kila mwaka Mama Sahani alisema mwakani. Fundi alikwenda peke yake, akarudi na picha na lawama.

Mwaka wa sita wa likizo ya Babu ndipo tulipopata ile aibu yetu tamu, ambayo sasa naweza kuisimulia kwa sababu mwenyewe amenipa ruhusa.

Asubuhi moja ya Alhamisi kabati la joto lilifunguliwa, na kila sahani ilikuwa na duara. Si moja, si mbili: zote za siku hiyo. Mtu akapiga kelele. Sisi wa kinga tulivuka ukuta, kwa maana ya kuzunguka mlangoni mbio. Rula zikatoka. Kila mmoja alitaka kupima, kila mmoja alitaja kipimo kikubwa kuliko cha mwenzake. Soda zikanunuliwa, keki ikatokea sijui wapi, na tukaila nje ya chumba, karibu na kikapu cha simu, kwa sababu hata siku ya furaha Mama Sahani haruhusu kula benchini. Habari zikapanda ngazi zenyewe kabla ya mtu kutumwa. Daktari wa watoto alishuka, akamkumbatia Mama Sahani hadi miwani ikaanguka, akapanda tena mbio. Mfamasia akaanza kufungua maboksi. Mchana huo huo mtoto mmoja wodini aliandikiwa Babu.

Asubuhi ya Ijumaa Mama Sahani alikuja na furaha yake, akabisha hodi, akazitoa tena zile sahani azitazame kwa utulivu. Akatazama. Akazigeuza. Akaziweka mstari mmoja juu ya benchi. Yale maduara hayakuwa maduara. Yalikuwa na umbo la yai, yote, na yote yalirefuka kuelekea upande mmoja. Sisi jana yake tulikuwa tumeweka rula kwa kufuata ule urefu. Tulipima upande tulioupenda. Akachukua trei ya bati, akamimina maji kidogo, akaiweka juu ya meza ya kumiminia supu. Maji yote yakakimbilia kona ya dirishani.

Wiki ile wapaka rangi walikuwa wameisogeza meza ile ili wapake ukuta, wakairudisha, na kile kipande cha mbao kilichokuwa chini ya mguu wake mmoja kilifagiliwa na takataka. Meza ikalala upande. Supu iliyomiminwa juu yake ikaganda nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Na kwenye supu nyembamba dawa husambaa mbali zaidi, kwa hiyo duara hukua hata kama dawa yenyewe haina nguvu. Babu hakuwa amerudi. Meza ndiyo iliyokuwa imeinama.

Hakumwita mtu wala hakumtuma mtu. Alibeba sahani mbili mkononi ndani ya boksi lake, akapanda ngazi. Alimkuta daktari wa watoto kando ya kitanda cha yule mtoto, na Mungu mkubwa, dozi ya kwanza ilikuwa bado haijatolewa kwa sababu muuguzi alikuwa anasubiri saini ya mfamasia. Mama Sahani akaeleza mbele ya watu wote, mama wa mtoto akiwemo, kwamba amekosea. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema mengi, tukayasikia hadi chini. Mtoto akarudishiwa dawa ya sindano, akapona, akaenda kwao. Maboksi ya Babu yakafungwa tena. Na daktari akaweka sharti lake kwenye kamati, kwa hasira: Babu hatajadiliwa tena mpaka upite mwaka mzima ambao kila sahani, bila kukosa hata moja, ina duara la mviringo, lililopimwa pande zote mbili.

Jioni ile fundi alikuja kumchukua mkewe, akamkuta amekaa kwenye stuli yake. Hakusema maneno ya kubembeleza, si tabia yake. Alitoa pima maji yake kwenye begi la kazi, ile rula ya mbao yenye kichupa cha maji na povu dogo ndani, akaiweka juu ya meza. Povu likakimbilia pembeni. Akachonga kabari, akaigonga chini ya mguu wa meza, akatazama, akaigonga tena, hadi povu likasimama katikati. Kisha akatundika pima maji kwenye msumari ukutani akaiacha hapo. Mpaka leo hakuna supu inayomiminwa kabla pima maji haijalazwa mezani na povu kukaa katikati. Wanaojifunza kwetu hufundishwa hilo siku ya kwanza. Fundi amelalamika tangu wakati huo kwamba anaweka milango ya watu kwa kukisia, na kwamba mlango wa chumbani kwake mwenyewe haufungi, na kwamba yote hayo ni kwa ajili ya Babu.

Miaka ikaenda. Duara la kwanza la kweli lilipotokea halikuja na kelele. Lilikuwa moja, kwenye sahani moja, la mviringo kama sarafu. Mama Sahani alilipima pande zote mbili, akaliandika daftarini, akaendelea na kazi. Mwezi uliofuata yakaja mawili. Mwaka uliofuata yalikuwa nusu ya sahani zote, na baadaye zaidi ya nusu, na Julai mwaka jana ulianza mwaka ambao hatukuona sahani hata moja isiyo na duara. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kunong'ona. Yeye akatukataza hata kunong'ona. Kila mtu alikuwa anajua hesabu ilivyo: mwaka wa sharti ungetimia mwisho wa Juni, na mwisho wa Juni ndio siku yake ya kustaafu. Aliomba aongezewe muda kidogo ikiwa lolote litatokea. Ofisi ikamjibu kwa heshima kwamba haiwezekani. Fundi, kwa upande wake, alikuwa ameshanunua sanduku jipya la safari.

Ikafika Mei. Tulikuwa tumeanza kuhema juu juu, kama watu wanaobeba ndoo iliyojaa wakaona mlango wa nyumbani. Siku ya Jumanne, kabati la joto likafunguliwa, na sahani moja ikawa haina duara. Vijidudu vimeota hadi ukingoni mwa kikaratasi cha Babu, vimetulia tuli, havina hili wala lile.

Jamani. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kugombea friji, nikasahau nilichofuata. Pima maji ilikuwa sawa, supu ilikuwa sawa, kikaratasi kilikuwa sawa. Mama Sahani akarudia kipimo. Siku ya pili jibu likawa lile lile. Mmoja wetu, simtaji, alisema kwa sauti ndogo kwamba ni sahani moja tu, na huyo mgonjwa wala hatumii Babu, kwa hiyo hakuna anayedhurika, na imebaki wiki chache, na nani atajua. Mama Sahani hakumgombeza, jambo lililotutisha zaidi. Alivaa koti lililopigwa pasi, akaiweka ile sahani kwenye boksi lake, akapanda ngazi. Nilimfuata hadi chini ya ngazi nikashindwa kuendelea. Nilitaka kulia na sikuwa hata na haki ya kulia, Babu si wangu.

Kilichotokea juu nimesimuliwa na daktari wa watoto mwenyewe, ambaye nywele zake sasa zina mvi na bado anapanda ngazi mbili mbili. Alisema Mama Sahani aliingia, akaweka sahani mezani, akamwambia kwamba sharti limevunjika na amekuja kusema kama alivyoahidi. Akasema hayo akiwa amesimama wima. Daktari akaishika ile sahani, akaitazama. Akauliza ni moja kati ya ngapi. Akaambiwa ni moja kati ya mamia. Akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote ambaye angejua kama isingeletwa. Mama Sahani akasema hapana.

Hapo ndipo daktari alipokubali kwamba lile sharti lilikuwa la hasira, si la akili. Hakuna dawa isiyokosa hata mara moja, alisema, na angetaka hivyo angefunga wodi. Tangu siku ya kwanza, chini ya ile feni, hofu yake haikuwa kwamba Babu atashindwa. Hofu yake ilikuwa kwamba Babu atashindwa na hakuna atakayeshuka wala kupanda kumwambia. Sasa mara mbili ameambiwa, na mara zote mbili aliyemwambia ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Akasema kwa maabara ya namna hiyo Babu anaweza kurudi, tena hiyo sahani moja ndiyo inayoonyesha arudi vipi: kila mgonjwa apimwe kwanza, mwenye duara apewe Babu, asiye na duara asipewe. Dawa ya akiba ibaki kwenye akiba yake.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Mfamasia mkuu, ambaye zamani aliruka juu kupinga, safari hii aliruka juu kuunga mkono, na akaapa kwamba dirishani kwake hakuna atakayempata Babu bila jibu la sahani, hata awe shemeji yake. Wakapanga tarehe ya kuanza kwa mwaka mpya wa fedha, bila kuangalia lolote lingine. Ni mimi niliyewaonyesha kalenda. Babu anaripoti kazini tarehe mosi Julai, siku moja baada ya Mama Sahani kuondoka.

Alipoambiwa, alicheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa benchi, akavua miwani, akacheka tena, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka na hakuyafuta. Alisema kumbe walikuwa wanapokezana zamu na yule mzee. Fundi alipopata habari alisema amefurahi sana kwa ajili ya Babu, na kwamba sasa anamwomba huyo Babu amrudishie mke wake. Tulimpigia makofi.

Mama Sahani, shukrani zetu ni nyingi na karatasi ya programu ni ndogo. Asante kwa kila sahani uliyomimina. Asante kwa wanafunzi uliowakaripia hadi wakawa wataalamu, ambao leo wako kwenye maabara za mbali wakibisha hodi kwenye makabati ya joto na kuchekwa na wenzao. Asante kwa watoto ambao hutawajua kamwe, watakaoingia wamebebwa na kutoka wanakimbizana koridoni. Asante kwa friji pia. Tumekubaliana kwamba rafu ya juu itabaki ya chumba chako, na nimeandika hapa ili nisije nikageuka.

Fundi, kwako tuna zawadi: pima maji mpya, ya chuma, na ndefu kuliko ile. Ya zamani haitoki ukutani, tusameheane. Nenda kaweke mlango wa chumbani kwako sawa, halafu mfunge sanduku lile, mwende kwa wajukuu. Kawatazameni wakikua. Mle vizuri, mlale hadi jua lichomoze, mgombane kidogo kwa afya, na kila la heri liwafuate nyinyi wawili njia nzima.

Na wewe Mama Sahani, asubuhi ya tarehe mosi usije. Tunakujua, utataka kupita mara moja tu kuangalia sahani za siku ya kwanza ya Babu. Usije. Tutailaza pima maji mezani, tutasubiri povu likae katikati, tutabisha hodi, na tutapima pande zote mbili. Kisha tutakupigia simu, kutoka nje, karibu na kikapu. Kama duara lipo, tutakuambia. Kama halipo, tutakuambia vilevile.